Daftari la Bwawa la Tatu

Mji wa Tabora naujua kwa kinachonasa kwenye wavu.
Mwezi wa kumi na moja, kokwa za embe.
Mfungo ukiisha, manyoya ya kuku.
Shule zikifungwa, karatasi za mitihani
zimechanwa, alama nyekundu bado zinasomeka.
Siku moja, pete.
Niliiosha kwa jiki, nikaitundika msumarini;
hadi leo hajatokea wa kuidai.
Nani aje aseme: ni mimi, niliivulia chooni?

Watu husema, nimevuta maji, yamekwenda.
Yamekwenda wapi?
Yamekuja kwangu.

Hapa hatuna mitambo ya kunguruma.
Tuna mabwawa matatu, jua, mwani, na subira.
La kwanza jeusi, linatokota bila moto,
mapovu yake yanapasuka kama uji wa mtama.
La pili kijani, kijani cha kunata.
La tatu ndipo bata mwitu wanapotua,
ndipo nami nachota chupa yangu, naiinua juani
kama mkunga anavyomwinua mtoto
aliyechelewa kulia.
Siku ishirini na tano maji yanalala hapa,
yanajigeuza, yanatusahau.
Ukiyaharakisha yanatoka na siri zetu zote.

Sasa niseme lile lisilokuwemo daftarini.

Masika yale kipimo kiliharibika.
Niliandika barua. Nikaandika ya pili.
Ya tatu ikajibiwa: tumepokea.
Basi kila asubuhi, kwenye safu ya oksijeni, nikaandika tano.
Tano, tano, tano, sita,
hiyo sita ili tano zisichoshe macho.
Mkaguzi alipopita akausifu mwandiko wangu.

Usiku mmoja akaja Mayunga na gari lake la majitaka,
tangi limejaa, taa moja imekufa.
“Dada Mwanne, ada ya nini, foleni ya nini?
Nimwage hapo mferejini, mvua itasafisha.”
Nikaitazama mvua.
Nikazikumbuka tano zangu.
Mwenye tano za kubuni atamkataza nani?
Nikamwambia: mimi sijakuona.

Kulipokucha, kijito kilikuwa na povu rangi ya chai ya maziwa,
na kambale wadogo wamegeuza matumbo juu.
Kalunde, mwenye bustani hatua mia mbili chini yetu,
alikuwa amesimama na ndoo mbili tupu.
“Mwangaluka,” akasema.
“Mwangaluka.”
Hakuuliza kitu. Akaninyooshea fungu la mchicha.
“Nimeuchuma jana,” akasema, “kabla ya hili.”

*Kabla ya hili.* Hayo ndiyo niliyoyatafuna usiku ule;
mchicha wenyewe haukushuka.

Kijito hiki kinaitafuta Igombe,
Igombe inaitafuta Malagarasi,
katikati hapo wananywa ng'ombe, wanaoga watoto,
na Malagarasi haina pengine pa kwenda
isipokuwa Ziwa Tanganyika.
Huko Kigoma yuko mdogo wangu, Nyanzala.
Hunipigia simu Jumapili:
maji ya huku matamu, dada, njoo.
Sijawahi kumwambia ni nani aliye juu yake.

Nilichukua rula.
Nikapiga mstari juu ya siku arobaini na moja,
pembeni nikaandika: *sikupima*.
Na chini yake: *usiku, gari moja, nililiona*.

Mayunga hanisalimu tena.
Mkaguzi alisoma ukurasa ule muda mrefu,
safari hii hakuusifu mwandiko.
Kipimo kipya kililetwa mwezi wa nane,
kimefungwa kwa kamba ya katani kama kuku wa sokoni.

Leo kimesoma tatu nukta moja.
Si nzuri. Tope la bwawa la kwanza limepanda,
lazima lichotwe kabla ya vuli, nimeshaomba koleo.
Kalunde amekaa ukingoni, ndoo zake bado tupu,
ananingoja nimalize kuandika.
Tatu nukta moja.
Ninampelekea daftari alione
kabla wino haujakauka.